UZI: Hugh Grosvenor alirithi nini hasa? Cheo kilipita njia yake, mali ikapita njia nyingine

#1 RejistaYaZamani

Wakuu, kila likitajwa jina la Hugh Grosvenor, Duke wa saba wa Westminster (Duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Uingereza), mjadala unaishia palepale: kijana wa miaka 25 kaamka asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2016 baba kafariki, jioni ana pauni bilioni 9 na kodi hajalipa. Watu wanabishana kama ni haki au si haki, lakini nani alikuwa mwenye mali asubuhi na nani jioni, hakuna anayeuliza. Naanzisha uzi wa ufundi tu. Siasa ina majukwaa yake.

La kwanza la kushika: kwenye familia ya Grosvenor kuna mirathi mbili zinazokwenda sambamba na hazigusani.

Cheo kinafuata hati ya kifalme. Malkia Victoria alimpa Hugh Lupus Grosvenor cheo cha Duke mwaka 1874, na hati yenyewe inasema kitashuka kwa warithi wa kiume wa mwili wake waliozaliwa ndani ya ndoa. Chini yake kuna vyeo vya zamani zaidi vilivyorundikana, kutoka cha chini kwenda juu: baronet 1622, Baron 1761, Earl 1784, Marquess 1831. Vyote vimemwangukia mtu mmoja. Hakuna wosia unaoweza kukihamisha cheo, hakuna hakimu anayeweza kukigawa, na mwenyewe hawezi kukiuza. Pumzi ya baba ikikatika, mwana ndiye Duke hata kama hana habari.

Mali ni habari nyingine kabisa. Sehemu kubwa haikuwa ya baba. Iko mikononi mwa wadhamini wa amana mbalimbali (amana ni mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya watu wengine), na baba alikuwa mnufaika, na kwa baadhi mdhamini. Wosia wa Duke wa sita ulipowekwa wazi mwaka 2017, mali aliyoiacha kwa jina lake ilitajwa kuwa takriban pauni milioni 616. Ndiyo mirathi yake kisheria. Zile bilioni za magazetini ni makadirio ya mali yote inayozunguka familia, na tofauti kati ya hizo namba mbili ndiyo mada ya uzi huu.

#2 Mchikichini_Boy

Mkuu umenifungua macho. Swali la haraka: kwa hiyo hakuna kwenda mahakamani kuthibitishwa? Huku kwetu hata baiskeli ya marehemu inahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu na muhuri wa mtendaji.

#3 DadaNotari

Mchikichini, zipo karatasi, ila zinakuja baada ya cheo. Hazikileti, zinakitambua tu.

Tangu 2004 kuna Daftari la Wenye Vyeo la serikali ya Uingereza. Ambaye hajaingizwa humo anabaki na cheo chake kwa damu, lakini hatatambuliwa kwa cheo hicho kwenye nyaraka rasmi. Kwa hiyo mrithi anapeleka maombi na ushahidi: cheti cha kifo cha aliyetangulia, cheti chake cha kuzaliwa, na cheti cha ndoa ya wazazi wake. Kama anarithi kutoka kwa binamu au baba mdogo, kazi inakuwa kubwa zaidi. Anatakiwa kuonyesha kila pingili ya ukoo, halafu kuonyesha kwamba kila mwanaume aliyekuwa mbele yake kwenye foleni amekufa bila mtoto wa kiume halali. Hapo ndipo watu wanapokwama miaka. Kuthibitisha mtu amezaliwa ni kazi ya cheti kimoja. Kuthibitisha kwamba mtu hakuzaliwa, utazunguka.

Vinavyoharibu maombi:

Tarehe ya ndoa ya wazazi. Mtoto akizaliwa kabla ya ndoa, kwa vyeo vya Uingereza kwa kawaida hapiti, hata kama wazazi walioana wiki iliyofuata na sheria nyingine zote zinamhesabu mtoto halali. Uskoti ina utaratibu wake kwenye hilo.

Mtoto wa kuasili. Anarithi nyumba, anarithi hisa, cheo hapati.

Na siku hizi vinasaba. Mwaka 2016 majaji wa Baraza la Faragha mjini London waliamua shauri la ubaronet wa Pringle wa Stichill, cheo cha karne ya 17. Vipimo vya DNA vilivyochukuliwa kwa ajili ya kutafuta mkuu wa ukoo vikaonyesha kwamba mtu aliyeingizwa kwenye daftari la mabaronet karibu miaka 100 nyuma hakuwa wa damu ya baba aliyeandikwa. Mjukuu wake akakosa cheo, kikaenda tawi la mtoto wa pili. Muda mrefu uliopita haukusaidia kitu.

Ukishasajiliwa, usitarajie kiti cha bungeni. Sheria ya 1999 ilifuta haki ya kukaa kwenye Bunge la Malodi, baraza la juu la bunge, kwa sababu tu baba yako alikaa, ikabakiza nafasi 92 za mpito. Baba yake Hugh alikuwa miongoni mwa waliotoka.

#4 Mchikichini_Boy

Shukrani dada. Kumbe baba hakuwa na kiti alichomwachia.

#5 Mtoto_wa_Baraste

Naomba kuuliza kwa adabu. Huyu bwana ana dada wawili wakubwa kwake na mmoja mdogo. Katika mirathi ya Kiislamu mwana wa kiume anachukua mafungu mawili na binti fungu moja, na hilo peke yake linatosha kuwasha mabishano humu. Hapa binti anapata sifuri?

#6 RejistaYaZamani

Shekhe, kwenye cheo ni sifuri kamili. Dada mkubwa anamzidi mdogo wake zaidi ya miaka 10, lakini hati ya 1874 haimwoni. Wanaitwa "Lady" kwa sababu ni mabinti wa Duke, na jina hilo linaishia kwao. Mwaka 2013 Uingereza ilibadilisha sheria ili kwenye kiti cha ufalme mtoto wa kwanza atangulie bila kujali jinsia, ila mabadiliko hayo hayakugusa vyeo vya makabaila.

Kwenye mali si lazima iwe sifuri. Amana huandikwa kwa kundi la wanufaika, mfano "watoto na vizazi vya fulani", na wadhamini wanakuwa na hiari ya kuamua nani apewe nini na lini. Nani ndani ya familia hiyo amepewa kiasi gani ni siri ya wadhamini, hivyo anayeandika mtandaoni kwamba dada zake walitoka mikono mitupu anajitungia.

Ila tazama kichekesho hiki. Utajiri wenyewe uliingia kwenye familia kwa mlango wa mtoto wa kike. Akina Grosvenor walikuwa watu wa Cheshire, mbali kabisa na London. Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, msichana wa miaka 12, ambaye baba yake alifariki mwaka wa tauni, 1665, akamwachia ardhi ya Ebury magharibi ya London. Ekari kama 500 za malisho na majaruba ya tope. Leo tope lile ndilo Mayfair, Belgravia na Pimlico. Jina la binti lipo kwenye bango la mtaa, Davies Street. Kama mali ile ingefuata kanuni ya cheo, mume wake asingeambulia hata kichuguu.

#7 HesabuKwanza

Tufike kwenye kodi sasa. Watu wanasema amana hailipi kodi ya mirathi, wengine wanasema inalipa kila miaka 10. Weka namba, wakuu, maneno matupu hayajengi.

#8 KaratasiZaKodi

Naweka. Andaeni kikokotoo.

Uingereza kodi ya mirathi ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000. Kiwango hicho cha msamaha hakijapanda tangu 2009. Mume na mke wakirithiana wanasamehewa.

Chukua mali ya pauni milioni 10, haina nafuu yoyote, iko kwa jina la baba. Baba akifa:
10,000,000 – 325,000 = 9,675,000
9,675,000 × 40% = pauni 3,870,000.

Mali hiyohiyo ingekuwa ndani ya amana ya hiari, kifo cha baba hakiigusi, kwa sababu mwenye mali kisheria ni wadhamini na wadhamini hawajafa. Mmoja akifa anateuliwa mwingine. Badala yake mamlaka ya kodi inakuja kila inapotimia miaka 10 tangu amana ianzishwe, na kuchukua hadi asilimia 6:
9,675,000 × 6% = pauni 580,500.

Miaka 30 ni mara tatu, jumla 1,741,500, ukichukulia thamani haijapanda. Hiyo 6% haikuokotwa barabarani: ni asilimia 30 ya kiwango cha asilimia 20.

Na ukitoa mali ndani ya amana katikati ya safari unalipa ya kutokea. Miaka 10 ina robo mwaka 40. Sema imetimia miaka mitatu tangu tozo ya mwisho, robo 12, wadhamini wanampa kijana milioni 1, na kodi anaibeba yeye:
580,500 ÷ 10,000,000 = 5.805%
5.805% × 12/40 = 1.7415%
Kwa milioni 1 ni pauni 17,415.

Sasa jiulize kwa nini kila tajiri asiitumbukize mali yake kwenye amana kesho asubuhi. Kwa sababu kuna tozo ya mlangoni. Tangu Machi 2006 karibu kila amana mpya anayofungua mtu akiwa hai inalipa asilimia 20 papo hapo kwa kinachozidi msamaha. Kwa mfano wetu, kama tozo inatoka ndani ya hiyo zawadi, ni 1,935,000 kabla hujapika chai. Familia ambazo amana zao zilikuwa zimeshasimama kabla ya hapo zilikuwa tayari ndani mlango ulipofungwa. Na mali ya kilimo au ya biashara ya kweli ilikuwa inaweza kupita mlangoni kwa nafuu ya hadi asilimia 100. Nafuu hiyo imewekewa ukomo kuanzia Aprili 2026, ndiyo maana wakulima waliandamana na matrekta London baada ya bajeti ya Oktoba 2024.

Jibu la "hakulipa kodi": kodi ya asilimia 40 inahusu mali binafsi ya marehemu baada ya kuondoa misamaha. Kodi ya amana ni kalenda nyingine. Waandishi wanaochanganya kalenda hizo mbili ndio wanaoleta vichwa vya habari.

#9 HesabuKwanza

Heshima kwako. Lakini basi hii si kodi, ni ada ya kuegesha. 6% kwa mtu mwenye jengo Mayfair ni kodi ya pango ya miaka miwili.

#10 KaratasiZaKodi

Sikupingi kwenye hisia, ila angalia upande wa pili. Kodi ya kifo inasubiri kifo, mzee anaweza kufika miaka 95. Ya amana inakuja kwa saa, kifo kiwepo kisiwepo, na inapimwa kwa thamani ya siku hiyo. Faida kubwa ya amana siyo urahisi wa kiwango, ni kujua tarehe. Ukijua kwamba mwaka fulani utadaiwa milioni kadhaa, unaweka akiba au unakopa polepole. Kinachobomoa makabaila ni deni la ghafla.

Mfano ulio wazi ni Chatsworth, jumba la akina Duke wa Devonshire. Duke wa kumi wa Devonshire alimhamishia mwanawe mali mwaka 1946. Sheria ya wakati ule ilidai mtoaji aishi miaka mitano baada ya kutoa. Akaanguka akipasua kuni Novemba 1950, zimebaki wiki 14. Kiwango kilikuwa asilimia 80. Mwanawe, Andrew, alimaliza miaka ya ujana wake akiuza mashamba na kutoa michoro, na jumba la Hardwick likaenda kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kihistoria, mwaka 1959. Wiki 14!

Leo muda ni miaka 7. Kwa zawadi inayozidi msamaha, kiwango kinashuka kwa ngazi: akifa kabla ya mitatu ni 40%, kati ya mitatu na minne 32%, kisha 24, kisha 16, na mwaka wa saba 8. Baada ya hapo hakuna.

Na kosa linalowakamata wengi, wenye majumba na wenye vyumba viwili vilevile: baba anamwandikia mwana nyumba halafu anaendelea kuishi humo bure. Tangu 1986 hiyo inahesabiwa hajatoa kitu. Akitaka ikubalike, alipe kodi ya pango ya bei ya soko, ilipwe kweli, iingie benki.

#11 Mwana_Kwerekwe

Na Westminster wenyewe hawakupigwa na hilo deni la ghafla?

#12 RejistaYaZamani

Walipigwa sana. Duke wa pili alifariki 1953 bila mtoto wa kiume aliye hai, na Pimlico, sehemu ya urithi wa Mary Davies, ilikuwa imeuzwa au inauzwa katika kipindi hicho. Kisha vifo vikafuatana: Duke wa tatu 1963, wa nne 1967, wa tano 1979. Kama mali yote ingekuwa inapita mfukoni kwa kila mmoja, viwango vya wakati ule vingeacha mabango ya mitaa tu. Familia hii ni mfano wa amana zilizopangwa kwa lengo moja, kifo cha mtu kisiwe mauzo ya mali.

Ila kisa cha Duke wa nne ndicho ninachokipenda. Alijeruhiwa vitani Normandy 1944. Akafa 1967, miaka 23 baadaye, na ugonjwa mkuu ulikuwa saratani. Lakini jeraha la vita lilikuwa limeacha uambukizo uliosambaa kwenye damu. Sheria inasamehe kodi ya mirathi kwa mtu aliyekufa kwa jeraha la vitani, na masharti yake ni cheti cha Wizara ya Ulinzi. Wizara ikagoma. Wasimamizi wa mirathi wakaishtaki, na uamuzi ukatoka 1978: jeraha si lazima liwe sababu pekee wala sababu kuu ya kifo, inatosha liwe mojawapo ya sababu. Mirathi nzima ikasamehewa.

Msamaha huo bado upo, na hauhitaji ukabaila. Mjane wa askari wa kawaida anaweza kuutumia. Tangu 2015 sheria imewaongeza polisi, zimamoto na wahudumu wa dharura. Cha kufanya ni kuhakikisha daktari ameliandika jeraha la zamani kwenye cheti cha kifo. Lisipoandikwa, kazi yote inaanzia nyuma ya mstari.

#13 DadaNotari

Niongeze ratiba, maana watu huwa wanaikosea hata kwa mirathi ndogo za ndugu zetu walio Leicester na Milton Keynes.

Kodi inatakiwa ilipwe mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo. Aliyefariki 9 Agosti 2016, ukomo ulikuwa mwisho wa Februari 2017, baada ya hapo riba. Fomu kuu ni IHT400, inajazwa ndani ya miezi 12. Nyumba na ardhi ziko IHT405, vyombo na samani IHT407.

Mtego wake ni huu. Mahakama haikupi hati ya usimamizi wa mirathi mpaka kodi inayodaiwa sasa hivi iwe imelipwa. Benki nayo haikupi pesa za marehemu mpaka uwe na hati. Nyoka anauma mkia wake. Njia ya kutokea ni fomu IHT423: benki inahamisha pesa moja kwa moja kutoka akaunti ya marehemu kwenda mamlaka ya kodi. Kabla ya hapo omba namba ya kumbukumbu ya malipo, na uiombe mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Ardhi na majengo yanaweza kulipiwa kwa awamu 10 za mwaka mmoja mmoja, ila ukiuza, salio lote linadaiwa siku hiyohiyo.

Picha, vitabu na samani zenye thamani ya kitaifa zina njia mbili. Kusamehewa kwa masharti: kitu kinabaki kwako, unakitunza, hakitoki Uingereza, na umma unaruhusiwa kukiona. Tangu 1998 haitoshi kusema "watu wanipigie simu kwanza". Ukikiuza, kodi inafufuka, tena kwa bei ya siku ya mauzo.

Njia ya pili ni kukitoa badala ya kodi. Picha ya milioni 1: kodi yake 400,000, kingebaki 600,000. Serikali inakuongezea robo ya ile kodi, 100,000, kama kishawishi. Picha inafuta deni la 700,000. Ukiuza mnadani unabaki na 600,000 ukiondoa kamisheni. Hesabu inajieleza.

#14 PangoLaArdhi

Mmesahau kitovu cha mali yenyewe wakuu. Hawa si matajiri wa majengo kwa maana ya kununua na kuuza. Ni watu wa hati.

Mtanzania ataelewa haraka kuliko wengine, maana kwetu ardhi ni ya umma na wewe unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99 na unalipa pango la ardhi. Belgravia weka familia ya Grosvenor mahali pa serikali. Miaka ya 1820 mjenzi Thomas Cubitt na wenzake walipewa ardhi kwa miaka, wakajenga kwa pesa zao wenyewe, wakauza nyumba kwa watu, na miaka ilipokwisha ardhi ikarudi kwa mwenyewe ikiwa na jengo juu. Mwenye ardhi hakununua hata tofali moja. Ndivyo mali ya 1677 inavyovimba bila kuuzwa.

Sheria ndiyo iliyoanza kuwabana. Ya 1967 iliwapa wapangaji wa muda mrefu wa nyumba haki ya kulazimisha kuuziwa ardhi chini ya nyumba zao. Wadhamini wa Westminster wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu Strasbourg, wakilalamikia nyumba kama 80 za Belgravia. Februari 1986 wakashindwa: mahakama ilisema bunge linaweza kuhamisha mali kutoka mtu binafsi kwenda mtu binafsi kama kuna lengo la manufaa ya umma. Sheria ya 1993 ikaongeza wenye fleti, na Duke wa sita akajitoa chama cha Conservative kwa hasira.

Kwa wenye ndugu huko: fleti ikibakiza chini ya miaka 80 kwenye hati, gharama ya kuongeza miaka inaruka, kwa sababu mwenye ardhi anadai nusu ya thamani inayoongezeka hati mpya ikiunganishwa na ya zamani. Miaka 81 na miaka 79 si kitu kimoja. Sheria ya 2024 imepitishwa kuifuta nusu hiyo na kuruhusu nyongeza ya miaka 990 badala ya 90, lakini vifungu vyake vinaanza kutumika kimoja kimoja, kwa hiyo angalia kifungu chako kimeanza au la kabla hujasaini. Na ukiongeza chini ya sheria ya 1993, pango linashuka hadi "punje moja ya pilipili manga kwa mwaka". Ni maneno ya kisheria hayo, maana yake hulipi kitu ila mkataba unabaki mkataba.

#15 Mwana_Kwerekwe

Punje ya pilipili manga 😂 Pemba tungewauzia gunia wakalipia Belgravia nzima.

#16 Mtoto_wa_Baraste

Wakuu, mkisoma vizuri hii amana ni wakf wa familia. Mali inafungwa, haiuzwi ovyo, mapato yanakwenda kwa kizazi. Mombasa, Lamu na Unguja walikuwa nao miaka na miaka.

#17 KaratasiZaKodi

Zinafanana sura, shekhe, ila ziko tofauti kwenye mambo mawili. Wakf ni wa milele, ukishafungwa umefungwa. Amana ya Kiingereza ina ukomo: zilizoandikwa tangu Aprili 2010 ni miaka 125, za nyuma zilikuwa fupi zaidi. Kwa hiyo hata amana kubwa ina siku ya kuzikwa, na mawakili wanaihesabu. Pili, wadhamini wa kawaida wanaweza kuuza jengo Mayfair na kununua lingine mji mwingine, mali ikabaki amana ileile. Ndiyo maana Grosvenor ilijenga eneo la maduka la Liverpool lililofunguliwa 2008. Mutawalli, yaani msimamizi wa wakf, hana uhuru huo.

Na ajabu ni kwamba majaji walewale wa London walipoletewa wakf wa familia kutoka Mombasa, kwenye uamuzi wa Baraza la Faragha wa 1951, waliubatilisha, eti fungu la maskini liko mbali mno na familia ndiyo inayofaidi. Ikabidi watunga sheria wa huku waingilie kuulinda wakf.

#18 Mtoto_wa_Baraste

Yaani familia kufaidi ni kosa Mombasa, na Belgravia ni utaratibu.

#19 RejistaYaZamani

Umesema wewe, mimi nimenyamaza.

#20 Mchikichini_Boy

La mwisho kutoka kwangu. Bwana ameoa Juni 2024 pale Chester, na 2025 akapata binti. Asipopata wa kiume inakuwaje? Na angeweza kukataa cheo tangu mwanzo?

#21 DadaNotari

Asipopata wa kiume, cheo cha Duke kinakufa naye, kwa sababu hati ya 1874 inadai mwanaume wa uzao wa Duke wa kwanza. Cha Marquess hakifi. Hicho ni cha 1831, shina lake liko juu zaidi, kinahamia kwa Earl wa Wilton ambaye anatoka kwenye tawi la mtoto mdogo wa Marquess wa kwanza. Baron na Earl vinafuata njia hiyohiyo. Binti anaweza kubaki mnufaika wa amana kama kundi la wanufaika linamhusisha, na hapo mtaona cheo kimekwenda kwa mtu mmoja na funguo za Mayfair zimebaki kwa mwingine.

Kukataa inawezekana kwa sheria ya 1963, ile aliyoitumia mwanasiasa Tony Benn. Unaandika hati ya kujivua ndani ya miezi 12 tangu kurithi, au kama ulirithi ukiwa chini ya miaka 21, ndani ya miezi 12 tangu uitimize. Kujivua kunakuhusu wewe tu, mwanao atakichukua ukifa. Kwa huyu dirisha lilifungwa Agosti 2017.